Wakikuambia "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe"

Wadogo zangu mnaokuja Dodoma kwa usaili, wa SGR na wa basi, haya nayasema kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za meza ile.

Usaili wangu wa kwanza niliingia nimekariri. Wakasema, "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Nikaanza: nimezaliwa Kondoa, mtoto wa nne kati ya saba, shule ya msingi nilisoma... Nilipofika kidato cha pili, mjumbe mmoja alikuwa anatazama nje dirishani. Vyeti vyangu vilikuwa mbele yao, vyote hivyo walishavisoma. Kazi sikupata.

Nilipokuja kuitwa kwenye jopo la ofisi yetu ndipo nikaelewa. Swali hilo ndilo linalozaa mengine. Wasaili wana karatasi ya maswali, ndiyo, lakini ya nyongeza wanayachota kinywani mwako. Ukisema una uzoefu wa stoo, utaulizwa leja ulikuwa unaifungaje, na siku leja na mzigo vilipokataa kulingana ulifanya nini. Basi taja lile tu unaloweza kulisimulia mpaka mwisho. Umesomea nini, umefanya kazi gani kwa mikono yako, kwa nini unaitaka nafasi hii. Dakika mbili zinatosha. Mtoto wa ngapi, waachie ndugu zako.

Wengi wanajimaliza wenyewe kwenye uzoefu. Fildi, yale mafunzo ya kazini ya wakati wa chuo, ni uzoefu. Kujitolea ni uzoefu. Kuna binti alikuja kuomba ukarani wa mauzo, na wasifu wake ulikuwa na pengo la miaka miwili baada ya chuo. Tukamuuliza alikuwa wapi. Akainama: "Nyumbani tu." Mwenzangu hakumwachia. Nyumbani unafanya nini? Kumbe msimu wa zabibu ukifika anafuata mzigo kwa wakulima Hombolo, anauza mjini, na daftari la wadaiwa la mama yake analishika yeye. Alipoanza kutueleza bei ya shambani, zabibu zinavyoharibika zikilala siku mbili, na mteja gani halipi mpaka afuatwe nyumbani, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Tulimchukua. Ila kama mwenzangu asingekuwa mbishi siku ile, ningempa alama za chini na kuita anayefuata.

Kuhusu udhaifu wako, tafadhali, usiseme "nikishika kazi nasahau hata kula." Siku moja nilisikia hilo kwa watu watatu mfululizo. Taja udhaifu wa kweli na unavyoudhibiti, mradi usiwe roho ya kazi yenyewe. Unaomba uhasibu halafu tarakimu zinakuchanganya?

Mshahara serikalini una ngazi zake. Kampuni binafsi wakikuuliza, taja kiwango ulichokwisha kuulizia kwa watu wa kazi hiyo.

Beba vyeti halisi na kitambulisho, na majina yafanane kote. Mtu huishia mlangoni kwa herufi moja. Na kama usaili uko UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, nenda ukakione chumba siku moja kabla. Chuo kile ni kipana, ndaki zake zimetawanyika. Nimeshamwona kijana akishuka kwenye bajaji mbio, bahasha kwapani, kwenye jengo ambalo silo.