Jibu: pandas imesakinika, lakini "import" inakataa

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba pip (programu ya kusakinisha maktaba za Python) ilisakinisha pandas, maktaba ya kuchambua data, bila tatizo, ila ukiandika "import pandas" unapata ujumbe unaoanza na "numpy.dtype size changed". Ujumbe huohuo ulinikwamisha siku mbili hapa Kisumu, nilipokuwa nikipanga rekodi za samaki wa ufuo wa Dunga.

Tafadhali usifute Python nzima, kwani utamaliza bando bure. Anza na amri hii, inayoonyesha toleo na mahali ilipo NumPy, maktaba ya hesabu ambayo pandas huitegemea:

python -c "import numpy; print(numpy.__version__, numpy.__file__)"

Soma njia ya faili kwa makini kuliko namba ya toleo. Kwangu ilielekeza kwenye folda ya Python nyingine kabisa, kumbe pip ilikuwa ikihudumia moja nami nikiendesha nyingine; tangu hapo huandika "python -m pip", kamwe si "pip" peke yake.

Njia ikiwa sahihi na toleo linaanza na 2, basi pandas yako ni ya zamani: ilijengwa kwa mpangilio wa NumPy 1, ambao ulibadilika NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024. Pandisha pandas hadi 2.2.2 au zaidi. Ikiwa kazi yako inadai pandas ya zamani, tengeneza mazingira mapya kwa venv (zana ya Python ya kutenga maktaba za kila kazi), kisha usakinishe humo "numpy<2" pamoja na pandas hiyo. Alama za kunukuu usiziache, la sivyo terminali itadhani alama ya < inaomba kusoma faili.

Ukikwama tena, bandika hapa ujumbe wote, hasa mstari wa mwisho.