Nikigusa sahani wimbo hausimami

Mwezi huu maswali ya skrachi, yaani kuisogeza sahani mbele na nyuma kwa mkono mpaka itoe mlio wake, yamekuja mengi kuliko kitu chengine chochote, mengi yao kutoka Pemba, na nimefurahi kwelikweli maana hii ndo sehemu ya u-DJ nnayoipenda kuliko zote. Nimechagua matatu. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kinachomsumbua mtu anaeanza.

Assalam aleikum kaka. Mie nipo Wete, nna miaka 19. Mjomba kaniletea kontrola ndogo kutoka Dar, ina sahani mbili na miksa katikati, nnaitumia na laptopu ya kaka yangu. Kuchanganya nyimbo nshajua jua, sasa nnataka kuskrachi. Tatizo nikigusa sahani wimbo hausimami, unavutika kidogo tu kisha unaendelea zake. Siku nyengine ukisimama basi sauti inakuja imechelewa, mkono nshaurudisha ndo nasikia "wiki". Nimeangalia video mpaka bando limekwisha. Nianzie wapi? Na mama anasema kelele ile inamuumiza kichwa.

Waaleikum salaam mdogo wangu, na mjomba mpe salamu zangu. Tuanze na mashine kisha tuje kwenye mkono, maana nshaona vijana wengi wanajiona hawana kipaji kumbe ni setingi tu.

Wimbo kutosimama ukigusa sahani maana yake vainili, yaani setingi inayoifanya sahani iwe kama santuri, imezimwa. Sahani ya kontrola ina sehemu mbili, juu na ubavuni. Ukishika ubavu unausukuma wimbo mbele kidogo au unauzuia kidogo, ndo tunavyoweka biti mbili zikae sawa. Ukigusa juu, na vainili ikiwa imewashwa, wimbo unatakiwa usimame papo hapo kama umeweka kiganja juu ya santuri inayozunguka. Mashine nyengine zina kitufe chake karibu na sahani, nyengine inabidi ushike na shifti, nyengine uingie ndani ya setingi za programu, kitafute mpaka ukipate maana bila hicho hakuna skrachi.

Sauti kuchelewa hiyo ni laptopu. Programu inakusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa kabla ya kuitoa, bafa ikiwa kubwa na sauti inachelewa. Kwa sauti ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti, bafa ya sampuli 1024 inakuchelewesha kama milisekunde 23, ya 512 kama 12, ya 128 kama 3 tu. Ziada ya kompyuta yenyewe ipo juu ya hapo. Basi ingia kwenye setingi za sauti ushushe hatua moja moja, 512, 256, 128, ukianza kusikia sauti inakatikakatika kama bisi zinazopasuka rudi hatua moja juu ukae hapo. Kama ni Windows weka draiva ya ASIO, ile programu ndogo inayopunguza kuchelewa kwa sauti, ya hao hao waliotengeneza kontrola yako. Na tafadhali usitoe sauti kwenye spika ya bluetuthi, hapo hata ushushe bafa vipi sauti itachelewa tu, chomeka waya.

Bado viwili vidogo. Zima kwantaizi, ile inayosubiri biti ndo iruhusu pedi, vile vitufe vya kuanzishia sauti, kulia. Halafu njoo kwenye krosfeda, ile swichi ya kuteleza kwenye miksa inayofungua na kufunga sauti ya kila sahani, tafuta setingi yake inayochagua ifunguke taratibu au ghafla: kwa kuchanganya nyimbo, taratibu ni nzuri, kwa skrachi iwe ghafla kabisa, yaani ukiisogeza milimita moja mbili sauti yote ishatoka. Hii watu hawaiambii katika video na ndo inayofanya mtu aone skrachi zake zimelegea wakati mkono wake hauna ubaya.

Sasa mama. Mwambie, kwa adabu, kwamba skrachi yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya mama aliekuwa anaumwa na kelele. Katikati ya miaka ya 1970 huko Bronx, New York, kijana anaeitwa Grand Wizzard Theodore, mdogo kuliko wewe, alikuwa chumbani na santuri zake mama yake akaja kumgombeza apunguze sauti. Akaishika santuri kwa mkono amsikilize mama, na mkono haukutulia, ukawa unaisogeza mbele na nyuma, akasikia kitu kwenye hedifoni. Akakaa nacho akakifanyia mazoezi ndo akakitoa mbele za watu. 1983 Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, akamuweka DJ GrandMixer D.ST kwenye wimbo wake na hapo dunia nzima ikaisikia. Kwa hiyo vaa hedifoni, mama apumzike, na wewe utajisikia makosa yako vizuri zaidi.

Haya, mkono. Tafuta sauti moja fupi, moja tu, ile "aah" inayopatikana kila mahala inatosha. Iweke deki ya kushoto, yaani upande wa sahani ya kushoto, mkono wa kushoto juu ya sahani, wa kulia kwenye krosfeda, kwenye kontrola miksa ipo katikati kwa hiyo ukikaa hivo mikono haigongani. Wapo wanaofanya kinyume na wanapiga vizuri, ukiona kinyume ndo rahisi kwako fanya kinyume, ila ukishachagua usihangaike. Bandika kipande kidogo cha plasta kwenye sahani. Kilete juu kama saa sita halafu ndo ubonyeze pedi ya kyu, ile alama uliyoiweka mwanzo wa sauti, hivo plasta itakuonesha mwanzo upo wapi bila kuangalia laptopu. Santuri ya 33 inazunguka mara moja kwa sekunde 1.8, na sahani yako inaigiza hiyo hiyo, basi sauti ya nusu sekunde ni robo ya duara na kitu. Robo tu! Wengi wanazungusha sahani kama wanasaga mahindi kwenye jiwe, wanapita sauti yote mpaka kwenye kimya halafu wanashangaa.

Skrachi ya kwanza inaitwa bebi. Krosfeda wazi, usiiguse, mkono mmoja tu unakwenda mbele unarudi, mbele unarudi. Vidole viwili au vitatu, vyepesi, nguvu itoke kwenye kigasha na siyo kwenye ncha za vidole. Weka biti ya taratibu deki ya kulia, mapigo 80 kwa dakika, mbele iangukie kwenye pigo na kurudi kuangukie katikati ya pigo na pigo.

Hapa nikueleze kitu kilichonibadilisha mie. Nilipokuwa najifunza nilikuwa nakaa kwenye yale majumba ya Michenzani, na jirani yetu mzee mmoja alikuwa akipiga kidumbak, ile ngoma ya harusini, enzi zake. Siku moja mlango upo wazi akaingia, akasimama akasikiliza bebi zangu, akaniuliza hichi unachokifanya ni nini nikamwambia. Akasema unasukuma, hupigi. Akatoka akarudi na cherewa zake, vile vifuu vya nazi vyenye mbegu ndani, akaanza kutikisa. Nikaangalia mkono wake kwa karibu. Kwenda mbele anasimama ghafla, mbegu zote zinagonga kwa pamoja, "cha!", kurudi anasimama tena, "ka!", na katikati hapo mkono hauna haraka yoyote. Kumbe sauti ipo pale mkono unaposimama. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu juu ya sahani tukafanya pamoja, cha-ka, cha-ka, na ile "aah" ikawa ngoma mbele yangu. Basi wewe upo Pemba, ukihudhuria harusi yenye kidumbak usikae nyuma, kaa karibu na mpiga cherewa na mwenye mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, uwaangalie mikono, umepata somo ambalo video haikupi.

Kaa kwenye bebi wiki mbili, dakika 20 kila siku, hata ukichoka nayo. Jirekodi kwa simu usikilize kesho yake, maana wakati unapiga kila kitu kinasikika kizuri.

Baada ya hapo unaingiza krosfeda. Ya mbele tu: krosfeda wazi ukisukuma, funga, rudisha mkono kimya, fungua, sukuma tena. Watu wataisikia sauti inakwenda mbele mbele tu hairudi. Ukiiweza hiyo nenda kwenye tea, yaani kuchana, krosfeda haiguswi, unasukuma mara moja lakini kurudi unakatisha mara mbili kwa kusita kidogo katikati, ukapata sauti tatu. Nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya sawa sawa.

Kisha chapu, hii ndo wanayoikimbilia wote kwa sababu ya DJ Jazzy Jeff wa Philadelphia, inalia kama ndege mdogo. Unaanza krosfeda wazi, ukisukuma sahani unaifunga kwa wakati huo huo, ukirudisha unaifungua kwa wakati huo huo. Mikono miwili inaondoka pamoja na kurudi pamoja. Ianze polepole mno, biti 60 hata chini ya hapo, maana ukichelewa kidogo tu kufunga utasikia mkia wa sauti unaning'inia. Mie ilinichukua zaidi ya mwezi. Transforma ije mwisho, hapo krosfeda inakaa imefungwa, sahani unaivuta taratibu na mkono wa kulia unafungua na kufunga kama taa inayowashwa na kuzimwa, kidole gumba kikiwa kama springi ya kuirudisha.

Krabu, ile ya kaa aliyoitangaza DJ Qbert, ambapo vidole vinakimbizana kwenye krosfeda kama miguu ya kaa pwani, iache mwaka huu.

Kaka hujambo, mimi msomaji wako wa Chake Chake, ni msichana nnaesoma huku najifunza u-DJ na shangazi yangu anaepiga muziki kwenye harusi za wanawake. Lazima nitumie ile "aah" ya Wamarekani? Natamani kuskrachi sauti za kwetu, nimerekodi vigelegele lakini havitoki vizuri.

Sijambo dada, na shangazi mfikishie salamu za heshima. Si lazima hata kidogo. Ile "aah" na ile "fresh" unazozisikia kila mahala zimetoka kwenye rekodi moja ya msanii wa hip-hop Fab 5 Freddy ya 1982, zimeendelea kutumika kwa sababu zina mwanzo mkali na mwili mnene, basi wewe tafuta sauti yenye sifa hizo hizo.

Vigelegele vinakusumbua kwa sababu vyenyewe vishatetemeka. Ulimi unakwenda mbio ndani yake, wewe nawe unaongeza mtikiso wa mkono, mitikiso miwili inakulana na sikio halikamati kitu. Jaribu neno linaloanza na herufi ngumu, k, t au ch. Rekodi shangazi mwenyewe anasema "twende!" kwa sauti ya kifua, karibu na simu, ndani ya chumba chenye nguo nyingi zinazoning'inia ili pasiwe na mwangwi, kata kimya chote cha mwanzo mpaka pedi ukiigusa tu sauti ishaanza. Au noti moja ndefu ya fidla, ile inayovutwa kwenye taarab, hiyo ukiipitisha kwenye transforma inanisimamisha nywele mpaka leo. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, pia nzuri kwa mwanzo wake mkali ila inafifia haraka kwa hiyo skrachi zake ziwe fupi. Kama fidla ni ya mtu amepiga kwenye rekodi yake muombe ruhusa kabla hujaitoa hadharani, wapiga fidla wetu hawapati kingi.

Unajua, Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi, na santuri zile ndo zilizoingiza sauti ya Unguja majumbani huku kote. Mie nikiona msichana wa Pemba ameweka mkono juu ya sahani kutafuta sauti ya kwao nafurahi sana, usiache.

Ila jambo moja la harusini, na hili nalisema kwa sababu lilinikuta. Harusi moja ya mfunguo mosi niliingiza skrachi katikati ya rusha roho wakati watu wapo kwenye kutunza, nikasikia fahari mwenyewe, na wale akina mama waliokuwa wanacheza wakasimama noti zao mkononi wakiniangalia. Maneno ya wimbo ndo waliyokuja kuyasikiliza na mie nimeyakata. Skrachi weka wakati wimbo unaingia au unatoka, au penye biti tupu pasipo na maneno.

Napiga Paje kwenye bichi. Krosfeda imeanza kukwaruza na nikiifunga sauti bado inavuja kidogo. Fundi kaniambia nitie mafuta ya cherehani.

Usitie. Mafuta yanashika vumbi na mchanga, utapata wiki moja nzuri kisha itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hewa ya chumvi na mchanga mwembamba ndo vilivyoingia humo. Zima mashine, chomoa waya, pitisha brashi laini kavu kwenye mfereji wa krosfeda, kisha tafuta dawa ya kusafishia swichi za umeme ile inayokauka yenyewe, kidogo tu, endesha krosfeda kwenda na kurudi mara hamsini, iache ikauke kabisa ndo uwashe. Ikiendelea kuvuja imelika, tafuta nyengine uibadilishe, ndo kitu kinachokufa mapema kwenye kontrola ya mtu anaeskrachi. Na ukimaliza kupiga usiiache wazi mezani unapokula, ifunike pale pale na kanga kabla upepo wa kusi haujakuletea ufukwe wote ndani.