Nyanya Zimeiva Zote kwa Mpigo! Shangazi Anajibu

Msimu huu meseji zenu karibu zote ni nyanya, nyanya, nyanya, kwahiyo safari hii tuziongelee hizo tu, mambo ya maharage na mihogo tutayarudia.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi niko Ilula, Iringa, nina kashamba nyuma ya nyumba nimepanda nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, sasa zimeiva zote kwa mpigo na hapa kwetu kila mtu ana nyanya, matenga yamepangwa barabarani na magari yanapita tu hayasimami. Nimegawa kwa majirani mpaka wamesema basi. Ndoo zimejaa sebuleni, nyingine zimeanza kulainika. Kuna mama kaniambia nizisage, nijaze kwenye chupa za jemu, nimwage mafuta ya kula juu yake, eti zitakaa mwaka mzima. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kumwaga mafuta juu usifanye, na sababu nitakupa, ila tuanze na hizo za sebuleni maana kila saa zinazokaa kwenye ndoo za chini zinabeba uzito wa za juu na zinapasuka. Zitoe zote leo leo, zitandaze kwenye turubai kivulini, uzichambue. Zilizopasuka au kulainika lakini bado zinanukia vizuri ni za sufuria, na ni za leo. Nyekundu ngumu ndizo za kukausha na za kuweka kwenye chupa. Zilizoanza tu kugeuka rangi zipange safu moja juu ya magazeti, kile kikonyo kiangalie chini, mahali pa baridi pasipo na jua, hizo zitakuja kuiva taratibu na utazila wiki ijayo na inayofuata. Zenye ukungu tupa kwenye mboji, usikate kipande ukasema upande huu mzima, ukungu unapokula nyanya unapunguza ule ukali wake (asidi) na ukali ndio mlinzi wetu hapa. Zile zenye kitako cheusi (hiyo ni kwa sababu ya maji kuja leo kesho hakuna, mmea unakosa kalsiamu) kata hapo peusi upike mboga, ila usiziweke kwenye chupa.

Na zile ambazo bado ziko shambani, usisubiri ziive kabisa kwenye mti. Ukiona nyanya imeanza tu kuwa na wekundu kidogo pale kitakoni chuma, itaivia ndani vizuri tu, na unakuwa umeiokoa na mdudu kantangaze, na ndege, na mvua ya ghafla inayozipasua. Hii peke yake itakupa nafasi ya kupumua maana hutakuwa na mzigo wote siku moja.

Haya tuje kwenye sufuria. Tafuta ya stili au ya enameli, hizi zetu za alumini nyanya ikikaa inachemka muda mrefu ule ukali unakula sufuria, utaona inang'aa ndani na rojo linapata ladha ya chuma. Katakata nyanya, usiongeze maji hata kikombe, chemsha zilainike, zichuje kwenye chekeche utoe mbegu na maganda. Sasa hapa watu wengi wanapoteza mkaa bure: nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, na wao wanakaa wanayachemsha maji yote hayo yaishe. Badala yake mwaga rojo lako kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, ning'iniza juu ya beseni kama saa mbili, maji yatachuruzika yenyewe (usiyamwage, pikia wali au maharage, ni matamu). Kinachobaki kwenye kitambaa ndio unarudisha jikoni kwa moto mdogo, na mwiko usiache mkono wako maana likishakuwa zito linarukaruka na linaungua chini. Kilo tano mpaka sita za nyanya zinakupa kama kilo moja ya rojo zito la kupikia. Hilo likipoa weka kwenye trei za barafu, ligande, alafu hamishia kwenye mfuko, kila ukipika unatoa vipande viwili vitatu.

Kama huna friza ndio tunakuja kwenye chupa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni uhai wa watoto. Kwenye udongo kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka, na zinaamka mahali ambapo hamna hewa na hamna ukali wa kutosha. Ukimwaga mafuta juu ya nyanya umeifukuza hewa, umemtengenezea nyumba. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumulia, na chakula kinaweza kuwa nayo na usisikie harufu wala usione rangi imebadilika. Anachoshindwa ni ukali: chakula chenye pH (kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali unapanda) ya 4.6 kushuka chini hawezi kuamka. Nyanya ziko palepale mpakani, nyingine ziko chini yake salama, nyingine zinapita kidogo, na kwa macho huwezi kuzijua.

Kwahiyo kila chupa ya nusu lita weka kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limao ya dukani, ya lita moja vijiko viwili. Nasema ya dukani kwa sababu ukali wake umepimwa, ndimu za mtini leo kali kesho sio kali. Au tumia sitriki asidi, robo kijiko cha chai kwa nusu lita, nusu kijiko kwa lita. Hii unaweka kwenye chupa kwanza, ndio unajaza nyanya.

Na nyanya zenyewe ni hivi. Chagua nyekundu ngumu, ziwekee alama ya msalaba kitakoni kwa kisu, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, zitoe uzitie maji ya baridi, ganda linavuka lenyewe. Ziponde, zichemshe dakika tano, zijaze za moto kwenye chupa za moto, acha nafasi juu kama sentimita moja na nusu, futa mdomo wa chupa usiwe na hata mbegu moja, funga mfuniko mpya. Mifuniko mipya wauza vifungashio wanayo, ule wa zamani mpira wake umeshashika alama ya mdomo wa chupa nyingine, haubani tena. Panga chupa kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini, maji yazifunike kabisa yapite juu sentimita mbili tatu, na uanze kuhesabu muda pale maji yanapotokota sio unapowasha moto. Kwa aliye pwani nusu lita ni dakika 35 na lita moja dakika 45. Wewe Ilula uko juu, zaidi ya mita elfu moja, huko maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwahiyo nusu lita nenda dakika 45, lita moja dakika 55. Wa Njombe mjini na Makete mko juu zaidi, ongezeni dakika tano nyingine.

Zikipoa, kesho yake bonyeza katikati ya mfuniko. Ukiwa umezama hauchezi, imeshika. Ukirudi juu ukafanya "tik", hiyo weka kwenye friji mle wiki hii. Usiweke vitunguu, usiweke karoti, usiweke kitunguu saumu, wala mafuta. Hizo utaunga siku ya kupika. Najua inaonekana kazi ndefu, lakini mwezi ambao tenga limepanda bei na wewe unafungua chupa yako jikoni, utafurahi sana mwanangu.

SWALI: Shangazi habari za saa hizi. Nilikausha nyanya kwenye ungo juu ya bati, siku ya tatu zikafanya ukungu. Wenzetu wa Dodoma wanakausha vizuri tu. Mimi niko Tanga, ninakosea wapi?

JIBU: Nzuri mwanangu. Tatizo sio wewe, ni unyevu wa bahari. Dodoma hewa kavu inanyonya maji, Tanga hewa yenyewe imeshiba maji, usiku nyanya inarudisha yote iliyotoa mchana. Kukausha pwani kunataka mambo matatu. La kwanza kata nyembamba, nusu sentimita, sio nyanya kuigawa mara mbili, na toa mbegu na ule ute. La pili usiziache nje jioni, jua likianza kulala ingiza ndani funika. La tatu, na hili ndilo litakalokusaidia zaidi, tengeneza kikaushio: sanduku la mbao, juu nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, katikati wavu wa chandarua unapanga nyanya, matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili. Hewa ya moto inapanda, inatoka na unyevu, na nzi haingii. Nyunyizia chumvi kidogo kabla, inavuta maji haraka. Wakati wa masika usijaribu kabisa, subiri kaskazi au tumia oveni moto mdogo kabisa, mlango wazi kidogo.

Utajuaje zimekauka? Chukua kipande kikishapoa, kikunje. Kinatakiwa kukunjika kama ngozi ya kiatu bila kukatika, na ukikibana kwa kucha kusitoke unyevu wowote, wala visishikane vyenyewe kwa vyenyewe. Alafu usifunge moja kwa moja ukasahau. Jaza kwenye chupa ya kioo nusu tu, kila siku itikise, kwa wiki nzima. Ukiona vitone vya maji ndani ya kioo, rudisha juani. Kilo kumi zitakupa pungufu ya kilo moja, usishtuke, uzito uliopungua wote ni maji. Mimi nazipenda kwenye dagaa wa Kigoma: loweka robo saa kwenye maji ya moto, kaanga na kitunguu, na yale maji ya kulowekea mimina humohumo.

SWALI: Dada, sisi tuko Birmingham, Uingereza, nina nyanya kwenye makopo bustanini. Oktoba imefika baridi imeanza, mti umejaa nyanya za kijani tupu. Nizitupe?

JIBU: Usitupe hata moja mdogo wangu! Kwanza zichume kabla barafu ya usiku haijapiga, mti ukishauawa na baridi nyanya zake usiziweke kwenye chupa kabisa, ukali wake unakuwa umepungua. Zile kubwa zenye mng'ao weka kwenye sanduku na ndizi moja mbivu, funika kwa gazeti, ndizi inatoa hewa ya ethilini inayozivisha. Zisiende kwenye friji zikiwa kijani, chini ya nyuzi 12 hivi zinapoteza uwezo wa kuiva na ladha inakufa.

Zile ndogo ngumu tengeneza achari. Kilo moja ya nyanya za kijani zilizokatwa vipande vidogo, nyunyizia chumvi zilale usiku kucha, asubuhi mwaga maji yake. Ongeza gramu 200 za kitunguu, gramu 200 za sukari, siki karibu nusu lita (hakikisha ni ya asilimia 5), tangawizi, pilipili mbuzi kama unayo, mbegu za haradali na binzari. Chemsha moto mdogo saa moja na zaidi mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kuziba. Jaza ya moto kwenye chupa za moto, funga, iache wiki tatu nne kabatini siki itulie, usiionje siku ya kwanza ukakata tamaa maana itakuwa kali tupu. Na pilau, na samaki wa kukaanga, na maandazi ya jioni, utaona.

SWALI: Shikamoo. Nimetengeneza sosi ya nyanya, watu wa ofisini wanaipenda wanataka kununua. Naweza kuanza kuuza?

JIBU: Marahaba. Hongera sana, na unaweza, ila chakula cha kwenye chupa kinachoenda kwa watu usikiuze kienyeji. Nenda ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako, wana mafunzo ya usindikaji na wanawapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ya kwenda TBS (Shirika la Viwango), huko ndiko unakopata alama ya ubora. Nunua kipima pH, usitegemee ulimi, na kila unapopika andika kwenye daftari: tarehe, nyanya ulizipata wapi, pH ilisoma ngapi, ulichemsha dakika ngapi. Kwenye chupa bandika tarehe ya kutengeneza. Siku mteja akisema hii ya safari hii mbona iko tofauti, unafungua daftari unaangalia.