Jibu: Tovuti ya mashua haionekani Google, nilipe?

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kwa nini tovuti yako ya safari za mashua haionekani Google na mwezi umeshapita, na kama umlipe huyo jamaa anayedai ana "njia ya ndani" ya kuisajili. Usimpe hata shilingi. Google haipokei pesa kuingiza tovuti kwenye matokeo ya kawaida wala kuipandisha. Kinacholipiwa ni matangazo, na huandikwa wazi kuwa ni matangazo.

Mimi hutengenezea tovuti nyumba za wageni hapa Lamu, kilio hiki nakisikia kila msimu. Kwanza ujue kama haipo kabisa au ipo ila imezama chini. Kwenye Google andika "site:" kisha anwani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi. Zikitoka kurasa, imeshaingia. Kisipotoka kitu, ingia mipangilio ya WordPress, ile programu iliyojengea tovuti yako, sehemu ya usomaji, utazame kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji. Fundi hukiwekea alama wakati wa kujenga, na akishalipwa hakikumbuki tena. Kuna tovuti nimeikuta hivyo msimu mzima, mwenyewe akidhani kapigwa jicho.

Kisanduku kikiwa safi, jisajili Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni bure. Thibitisha kuwa tovuti ni yako, upeleke ramani ya kurasa (WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la 2020, iko kwenye anwani yako ukiongeza /wp-sitemap.xml), halafu uombe ukurasa wa mwanzo uingizwe. Omba mara moja, basi. Kurudiarudia hakuharakishi kitu. Inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, nayo usiiache, maana mtambo mwingine, DuckDuckGo, huchota mengi kwake.

Ila tovuti yako nimeifungua, na kazi kubwa iko hapo. Ukurasa ni mmoja, machweo matupu, na safari na bei zote umezitia ndani ya lile bango la WhatsApp. Bango ni picha, si maandishi ambayo Google huyasoma kwa urahisi. Neno "Takwa" halijaandikwa popote! Mgeni aliyeko Nairobi au Italia hatafuti jina la mashua yako, atalijulia wapi? Anatafuta namna ya kufika magofu ya Takwa. Basi mwandikie ukurasa wake: kwamba ule mkono wa bahari katikati ya mikoko ya kisiwa cha Manda hupitika maji yakijaa, na yakipwa mtakwama topeni, kwamba kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku, kwamba kiingilio hulipwa mbali na nauli, avae viatu gani. Haya wewe unayo kichwani, na tovuti kubwa za utalii zinanakiliana tu. Matondoni kwa mafundi wa majahazi iwe na ukurasa wake, safari za uvuvi nazo ziwe na wao, na kila ukurasa uwe na kiungo cha kwenda kwa wenzake.

Halafu zile nyumba za wageni zinazokuletea abiria, ziombe ziweke kiungo chako kwenye tovuti zao. Hicho kimoja cha kweli kinashinda vifurushi vya viungo vinavyouzwa mitandaoni, ambavyo Google huvihesabu kuwa ni hila.

Na ramani za Google ujiandikishe pia. Pini uiweke gatini unakopakilia wageni, si nyumbani kwenu.