London hadi Paris kwa bei ya chini

Dada, kwa safari ya London hadi Paris ukiwa na begi la kilo 20, panda basi. FlixBus na BlaBlaCar Bus huondoka Victoria Coach Station, na begi moja kubwa kwa kawaida limo ndani ya nauli. Ndege ya bei poa inakuvutia kwa nauli tu: ukiongeza begi, treni ya kwenda uwanjani Luton au Gatwick, na nyingine ya kutoka Charles de Gaulle kuingia mjini, bei yote imeshapaa.

Safari ya basi ni ndefu lakini, huchukua saa nane hadi kumi hivi. La usiku linakuokolea hela ya hoteli, ila usingizi usiutegemee sana. Bandarini Dover mnashushwa wote mkaguliwe pasipoti, na Wafaransa wanakagua hukohuko upande wa Uingereza, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi, siyo kwenye begi chini ya basi. Kama ni ya Tanzania, utahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Kibali cha kukaa Uingereza peke yake hakikuvushi.

Treni ya Eurostar huchukua saa mbili na robo hivi, raha tupu, lakini nauli yake ya dakika za mwisho huwa inauma. Ukiweza kukata mapema, katikati ya wiki, linganisha kwanza. Ukienda kwa basi, mengi hushushia kituo cha Bercy Seine, Paris, na metro (treni ya mjini) iko karibu. Teksi ya nini?