Ukienda kutafuta kisanduku Laurel Hill, anza na dira

Kuna mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata vidokezo; kwa Kiingereza huitwa letterboxing. Laurel Hill, nilikokwenda kuucheza, ni mteremko ulio kando ya Mlima Hood, Oregon, Marekani, kwenye Barabara ya Barlow iliyofunguliwa mwaka 1846. Wahamiaji waliotoka Missouri walifika hapa wakiwa wametembea karibu kilomita 3,000, maksai wao mbavu nje. Barabara yenyewe ilikuwa ya kulipia, dola 5 kwa kila mkokoteni, na bado mikokoteni ikabidi iteremshwe kwa kamba zilizozungushwa kwenye miti. Simama chini ya ule mfereji wa mawe ilimoteremshwa, uutazame kwanza. Kisanduku hakikimbii.

Mchezo huu ulianzia Uingereza mwaka 1854, pale mwongoza watalii James Perrott alipoacha chupa Cranmere Pool, huko Dartmoor, ili wanaofika waache kadi zao. Siku hizi ndani ya kisanduku unakuta daftari na muhuri. Unagonga muhuri wako kwenye daftari la kisandukuni, na muhuri wa kisandukuni kwenye daftari lako. Wangu niliuchonga jahazi kwenye kifutio cha penseli.

Sasa dira. Kidokezo changu kilisema hatua 40 kutoka kwenye kisiki, digrii 120. Nikazihesabu mara tatu, patupu. Kumbe simu yangu ilikuwa inaonyesha kaskazini ya ramani, na aliyeficha alitumia dira ya sindano, inayofuata kaskazini ya sumaku. Eneo hili tofauti ya hizo mbili ni kama digrii 15, na kwa hatua 40 unakuwa umepotea hatua 10 nzima! Kwa hiyo beba dira ya sindano, na usihesabu kwa hatua ndefu.

Usichimbe kamwe. Mficha muungwana hafukii, na udongo wa njia kama hii una historia yake. Tazama nyuma ya magogo na kwenye mianya ya mawe, ukipapasa kwa fimbo kabla ya mkono.

Kisanduku nilichokitafuta kilikuwa chini ya gogo lenye kuvu, kimefunikwa kwa magome. Muhuri wake ni gurudumu, tena njiti moja imevunjika, na nilipouinua kwenye karatasi ule mvunjiko ulionekana wazi kabisa. Nilikaa nao muda mrefu. Lakini mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka na kurasa za mwisho zimelowa, nami sikuwa na mwingine. Wiki iliyofuata nilirudi na mifuko miwili mipya ya zipu. Tangu hapo siendi bila hiyo.