Jibu: Wanafunzi kuelimishana kuhusu sigara

Mwalimu, umesema mabango ya mapafu meusi hayajasaidia kitu kidato cha pili, na sasa unataka viranja wahutubie paredi. Usiwape viranja kazi hiyo. Mvutaji hamsikilizi kiranja, anamkwepa.

Mpango wa ASSIST wa Uingereza, wa kuzuia uvutaji sigara shuleni, ulipita njia nyingine. Wanafunzi wa miaka 12 hadi 13 waliandika kwa siri majina ya wenzao wanaowaheshimu na kuwasikiliza, wakachukuliwa waliotajwa zaidi, karibu asilimia 17.5. Kwa wanafunzi 120 utapata kama 21. Watatokea watundu, pengine hata mvutaji. Usiwakate majina, maana hao ndio wenye masikio ya wenzao. Mvutaji aulizwe tu kama yuko tayari kujaribu kuacha.

Wafundishe siku 2 nje ya darasa, na muda mwingi uende kwenye maigizo: unaanzaje mazungumzo njiani, unajibu nini ukiambiwa “moja tu haiui”. Saratani ya uzeeni haimgusi kijana. Harufu ya mdomo, pumzi kukata uwanjani na pesa vinamgusa. Wapige hesabu: sigara 3 kwa siku, mara siku 30, kwa bei ya duka lenu. Shisha na ugoro viingie pia.

Kisha wiki 10 za maongezi ya kawaida na wenzao, kila mmoja na daftari dogo la kuandika maongezi hayo, lisilo na majina ya watu. Hapo ndipo mpango unaweza kufa: mwalimu wa nidhamu akidai majina ya wavutaji, kuanzia siku hiyo wote wanaonekana wambea.